Mazoezi ya uzingativu kwa wanamichezo wa vyuo vya Mtwara na Lindi: njia ipi ichaguliwe?

Chuo kinachoandaa timu ya netiboli, kikapu au soka kwa mashindano ya TUSA, SHIMIVUTA au UMISAVUTA mara nyingi kina mwalimu wa michezo mmoja, mipira michache, na muda wa kuanzia saa 10 jioni hadi giza linapoingia. Wachezaji ni wanafunzi. Asubuhi wana vipindi, usiku wana kazi za vikundi, mwisho wa muhula wana mitihani, na bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likichelewa kuna wanaokuja kiwanjani na chai ya asubuhi tu tumboni. Mafunzo ya akili yaliyotungwa kwa ajili ya chuo chenye mwanasaikolojia wa kuajiriwa yakiletwa hapa kama yalivyo, hufa wiki ya tatu. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na nani ataongoza na mchezaji atafanya dakika ngapi kwa siku kweli, kisha ndipo unapima ubora wa kila njia.

Uzingativu unaozungumzwa hapa ni kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa (pumzi, nyayo ardhini, mpira mkononi), kugundua inapohama, na kuirudisha bila kujilaumu. Mfungaji wa netiboli aliyekosa goli dakika ya 50 na bado anaufikiria mpira ule dakika ya 52 hana tatizo la mkono. Akili yake imebaki nyuma. Uzingativu unamfundisha kurudi, na unamfundisha hivyo hivyo akiwa kitandani usiku anawaza mtihani wa kesho.

Kwa wenye haraka, msimamo wetu ni huu. Timu nzima itumie MSPE (Mindful Sport Performance Enhancement, uzingativu wa kuinua kiwango cha mchezo) iliyokatwa vipande vidogo. Mchezaji mmoja mwenye tatizo linalojirudia apewe MAC (Mindfulness-Acceptance-Commitment, njia ya kuikubali hofu na kuendelea kucheza) kupitia mshauri. Kulegeza misuli kubaki dawa ya usingizi, simu ibaki nyongeza. MBSR (Mindfulness-Based Stress Reduction, kozi ya kupunguza msongo kwa uzingativu) iachwe, isipokuwa kwa majeruhi wa muda mrefu.

| Njia | Muda | Anayeweza kuongoza | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| MBSR | Wiki 8. Kikao cha saa 2 na nusu kila wiki. Hadi dakika 45 nyumbani kila siku | Mwalimu aliyesomea njia hii | Majeruhi, mwenye maumivu sugu |
| MSPE | Wiki 6. Kikao cha dakika 90 | Mshauri, au mwalimu wa michezo aliyejifanyia mwenyewe kwanza | Timu |
| MAC | Moduli 7 | Mshauri nasaha au mwanasaikolojia | Mchezaji mmoja mmoja |
| Kulegeza misuli, pumzi za polepole | Dakika 5 hadi 20 | Yeyote | Usiku wa kabla ya mechi |
| Rekodi za simu | Dakika 10 hadi 12 kwa siku | Hahitajiki | Zoezi la chumbani |

MBSR

Hii ndiyo mama wa nyingine nyingi. Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa ambao maumivu yao yalikuwa yameshindikana kwa dawa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wapiga makasia waliojiandaa kwa Olimpiki ya 1984, kwa hiyo si kwamba haiwezi kuingia michezoni. Shida ni hesabu. Dakika 45 kwa siku 6 ni saa 4 na nusu, ongeza kikao cha wiki unapata saa 7. Pamoja na hayo kuna siku moja nzima ya ukimya karibu na mwisho wa kozi. Mwanafunzi wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha hana saa 7 za ziada kwa wiki, na ukimlazimisha atazitoa kwenye usingizi, jambo litakaloharibu kila kitu ulichotaka kujenga.

Mchezaji aliyechanika kano ya goti na kuambiwa akae nje miezi mingi ni habari nyingine. Muda anao, maumivu anayo, na mawazo ya kwamba nafasi yake imechukuliwa yanamla. Huyo MBSR inamfaa.

MSPE

Keith Kaufman na Carol Glass waliitunga MSPE katika Chuo Kikuu cha Katoliki cha Amerika, na majaribio yake ya mwanzo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalifanywa kwa wapiga mishale, wachezaji wa gofu na wakimbiaji wa masafa marefu. Ilianza ikiwa ya wiki 4, baadaye ikawa vikao 6 vya dakika 90. Kinachoifanya itufae ni mpangilio wake. Inaanza mchezaji akiwa ametulia kabisa, inakwenda kwenye kunyoosha viungo, kisha kutembea, na kuishia ndani ya mchezo wenyewe. Mchezaji haambiwi akae kimya halafu aachiwe atafute mwenyewe jinsi ya kuuingiza ukimya ule kwenye mechi.

Dakika 90 kwa mkupuo ni nyingi kwa ratiba ya jioni. Kata kila kikao vipande viwili vya dakika 40 hadi 45, kwa mfano Jumanne na Alhamisi, viwekwe kabla ya mazoezi ya mpira. Usiviweke baada. Baada ya mazoezi kuna uchovu, jasho, foleni ya bafuni, na kwa wachezaji Waislamu kuna magharibi inayokaribia. Kiongozi ataharakisha na wachezaji wataangalia saa.

Wiki ya kwanza inafunguliwa na zoezi la kula, na huku kwetu chakula chake kipo tayari. Kila mchezaji anapewa korosho mbili za kukaanga. Ya kwanza anaila anavyokula siku zote, na wengi huimaliza kabla kiongozi hajamaliza kugawa. Ya pili inachukua dakika 4 hadi 5. Anaiweka kiganjani, anauangalia mkunjo wake, mstari unaoigawa nusu mbili, na madoa ya moto. Anaisogeza puani. Anaiweka ulimini bila kutafuna na kugundua mate yanavyojaa. Anatafuna mara moja, anasimama, anasikia mafuta yakitoka. Anatafuna tena, na kabla hajameza anaigundua hamu ya kumeza. Hamu hiyo ndiyo inayotafutwa: msukumo ulioonekana kabla haujatendeka. Mchezaji aliyeweza kuuona kwenye korosho ana pa kuanzia siku msukumo wa kumvaa refa utakapomjia. Mwenye mzio wa korosho apewe kipande cha ndizi au embe, na Ramadhani zoezi hili lihamie baada ya futari.

Kisha pumzi. Mchezaji akae kwenye benchi au kiti, mgongo wima bila kuegemea, nyayo zote mbili chini, macho yakiwa yameshuka kuangalia sehemu moja ardhini, kama mita 2 mbele. Achague sehemu moja ya kufuatilia pumzi, puani au tumboni, asihamehame. Apumue anavyopumua. Ahesabu kila pumzi inapotoka, 1 hadi 10, kisha arudi 1. Akijikuta yuko 17, au yuko kwenye hesabu ya nauli ya kwenda Masasi, aseme kimoyomoyo "nawaza", aanze tena 1. Kila kurudi ni kama push-up moja ya akili. Aliyerudi mara 30 ndani ya dakika 5 amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa amelegea huku akili ikizurura bila yeye kujua.

Hapa ndipo viongozi wengi wanapoharibu. Wanasema "ondoeni mawazo yote", jambo ambalo hakuna anayeliweza, na dakika moja baadaye nusu ya timu imeshaamini kwamba imeshindwa. Sema hivi: "Mawazo yatakuja. Ukigundua yamekuja, rudi kwenye pumzi." Halafu nyamaza sekunde 30. Kiongozi anayeongea mfululizo anawafanya wachezaji wasikilize sauti yake badala ya pumzi zao. Na wiki hii ya kwanza zoezi la nyumbani lisizidi dakika 5.

Wiki ya pili ni kuupitia mwili kwa akili, kutoka vidole vya miguu hadi utosini, dakika 15, wakiwa wamelala chali kwenye mikeka. Zoezi hili lina matatizo yake. La kwanza ni usingizi: mchezaji aliyekesha akisoma atakoroma kabla hujafika magotini. Apinde magoti ili miguu isiegemee, au akae. La pili ni mahali. Kivuli cha mkorosho kinavutia, lakini kuanzia Juni hadi Septemba mashamba mengi yanapulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lake linawasha macho na koo. Mwenye pumu linaweza kumbana kifua. Usilaze timu chini ya mikorosho iliyopulizwa karibuni. Kagua pia sisimizi. Jua likishazama mbu wanaanza, hivyo darasa lenye madirisha wazi ni bora kuliko nje.

Wiki ya tatu na ya nne ni kunyoosha viungo kwa umakini. Haliongezi muda, maana timu inanyoosha hata hivyo. Tofauti ni kwamba kila mkao unakaa sekunde 30, hakuna stori, na mchezaji anatafuta mpaka kati ya kuvutika na kuumia. Anayejua mpaka huo kwenye msuli wa nyuma ya paja ana nafasi nzuri ya kusimama kabla haujachanika. Wiki ya nne ongeza kutembea: mita 10 kwenye mstari wa pembeni, polepole sana, kisigino, unyayo, vidole, kurudi kwa mwendo wa kawaida, kwenda tena kwa kukimbia taratibu. Vijana watacheka mara ya kwanza. Waache wacheke, kisha endelea.

Wiki ya tano na ya sita uzingativu unaingia kwenye mpira, na hapa sheria za mchezo ndizo zinazoamua urefu wa zoezi. Katika kikapu mpiga mtupo huru ana sekunde 5 tangu refa ampe mpira. Zinatosha hatua tatu: kusikia nyayo, kutoa pumzi ndefu moja, kuangalia ukingo wa mbele wa ringi, halafu kutupa. Katika wavu mpiga sevu ana sekunde 8 baada ya filimbi, anaweza kuongeza kudundisha mpira mara mbili. Netiboli haina anasa hiyo: mpira hauruhusiwi kukaa mkononi zaidi ya sekunde 3, kwa hiyo mfungaji anabaki na hatua moja tu, kutoa pumzi huku anainua mpira. Ukimpa hatua tatu atapigiwa filimbi. Tumeona utaratibu mzuri wa kikapu ukihamishiwa netiboli bila kubadilishwa, na mfungaji akalaumiwa kwa kuchelewa.

Utaratibu huo ufanywe mchezaji akiwa amechoka. Mitupo 10 mwishoni mwa mazoezi, wenzake wakipiga kelele pembeni, ina thamani kuliko 50 za mwanzo kiwanja kikiwa kimya. Timu iliyozoea utulivu wa kiwanja cha chuo ikipelekwa uwanja wa Nangwanda Sijaona au Ilulu mbele ya watu, kelele yenyewe inakuwa mpinzani wa pili, na lengo ni mchezaji aisikie kelele kama sauti tu huku mguu wake ukiendelea na kazi.

MAC

Frank Gardner na Zella Moore waliiweka wazi MAC mwaka 2004, wakaiandikia mwongozo kamili mwaka 2007. Jina ni herufi za mwanzo za mambo matatu: uzingativu, kukubali, na kujitoa. Msimamo wake unatofautiana na saikolojia ya michezo iliyozoeleka, ile ya kujiambia maneno ya ushindi, kuchora mechi kichwani na kufukuza hofu. MAC inasema hofu haihitaji kufukuzwa ndipo ucheze vizuri. Ikubali ipo, kisha fanya kile ambacho thamani zako zinakudai ufanye.

Kazi yake kubwa inaonekana kwenye sentensi. Golikipa anayesema "nitafungwa tu leo" anafundishwa kusema "nina wazo kwamba nitafungwa leo". Maneno machache yameongezeka, na wazo limekuwa kitu anachokiangalia badala ya kuwa taarifa ya habari. Baada ya hapo anaulizwa: golikipa unayetaka kuwa angefanya nini sasa hivi, wazo hilo likiwa bado lipo? Angepanga ukuta. Angeita mabeki. Basi afanye hayo, na hofu yake ije nayo.

Tunaipenda MAC kwa mchezaji ambaye tatizo lake lina historia: anayekwepa penalti tangu alipokosa moja, anayetapika kabla ya kila mechi, anayejinyima chakula kwa sababu ya maneno ya mtu kuhusu mwili wake. Utafiti uliofanywa kwa wanamichezo wa kike wa chuo Marekani uliilinganisha na mafunzo ya kawaida ya saikolojia ya michezo, na kundi la MAC lilipata nafuu kwenye wasiwasi na matatizo ya ulaji. Lakini mazungumzo ya namna hii yanafungua mambo mazito. Mwalimu wa michezo asiyesomea ushauri asiyaanzishe. Kama chuo kina mshauri nasaha katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi, huyo ndiye wa kuibeba, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Moduli ziko 7, moja kwa wiki inatosha, na moduli ya kukubali ikihitaji wiki mbili ipewe wiki mbili.

Kuifundisha MAC kwa timu nzima inawezekana, ila sehemu ya thamani hugeuka hotuba haraka. Wachezaji 15 wakiulizwa mbele ya kocha "unacheza kwa ajili ya nini?" watajibu kile kocha anachotaka kusikia.

Kulegeza misuli na pumzi za polepole

Wengi wanazichanganya hizi na uzingativu, na ndiyo sababu tumeziweka kwenye ulinganisho. Lengo la kulegeza ni mwili utulie. Lengo la uzingativu ni akili ijue iko wapi, mwili uwe umetulia au unatetemeka. Mchezaji anaweza kuwa na mapigo ya moyo ya kasi na bado akawa makini kabisa; kwa beki wa soka hiyo ndiyo hali anayoihitaji.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wachezaji 100 wa futiboli ya Kimarekani wa chuo, ulioongozwa na watafiti wa maabara ya Amishi Jha katika Chuo Kikuu cha Miami. Kwa wiki 4 za maandalizi makali kundi moja lilifanya uzingativu, jingine kulegeza mwili. Katika makundi yote mawili, waliofanya mazoezi hayo kwa bidii walilinda hali yao ya kihisia vizuri zaidi, lakini umakini uliohifadhiwa dhidi ya uchovu wa kipindi kile ulikuwa wa wale waliofanya uzingativu kwa wingi. Waliofanya kidogo hawakupata kitu cha maana. Somo la kiutendaji ni kwamba kuhudhuria kikao na kuzembea nyumbani ni sawa na kutohudhuria.

Kulegeza misuli kwa zamu ni kazi ya Edmund Jacobson, aliyeitolea kitabu mwaka 1929. Kaza kundi moja la misuli sekunde 5 hadi 7, achia sekunde 30 hadi 40, nenda kundi linalofuata: mikono, uso, mabega, tumbo, mapaja, miguu. Usikaze vigimbi kwa nguvu usiku baada ya mechi ya joto, utashikwa na mkazo wa misuli. Usikaze msuli uliojeruhiwa kabisa. Zoezi hili linang'ara kwenye mashindano ya mbali, pale timu inapolala kwenye magodoro darasani baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, mmoja anakoroma, mwingine yuko kwenye simu. Dakika 15 baada ya taa kuzimwa. Lisifanywe dakika 30 kabla ya mechi, kwa sababu mchezaji ataingia kiwanjani mzito.

Pumzi za polepole: kuvuta kwa sekunde 4, kutoa kwa sekunde 6, ambayo ni pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5. Akisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, anavuta hewa nyingi kupita kiasi na kaboni dioksidi ya damu imeshuka. Apunguze kina cha pumzi, mwendo ubaki ule ule. Hili linafaa kwenye mapumziko ya kati ya mechi na nje ya chumba cha mtihani pia.

Rekodi za simu

Programu za kutafakari zipo nyingi, ila zinazojulikana zinaongea Kiingereza, na zilizo nzuri zinalipiwa kwa mwezi. Mchezaji anayetafsiri kichwani huku anasikiliza hajazingatia pumzi, amezingatia tafsiri. Bando nalo ni gharama. Kilicho rahisi zaidi ni kiongozi kurekodi sauti yake mwenyewe kwa Kiswahili, rekodi mbili tu, ya dakika 5 na ya dakika 12, na kuzituma kwa WhatsApp au kwa Bluetooth siku ya kikao. Dakika 12 hazikuokotwa. Ndizo Jha anazozipendekeza kwa siku kutokana na kazi za maabara yake. Arekodi alfajiri au usiku, mahali pasipo na feni, kwa sababu feni husikika kuliko anavyodhani. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege kabla ya kuanza. Rekodi peke yake, bila kikundi na bila mtu wa kuulizwa maswali, kwa wanafunzi wengi haivuki wiki mbili.

Dini

Swali litakuja, na ni haki liulizwe: haya ni maombi ya dini nyingine? Asili ya mazoezi haya ina mizizi katika mapokeo ya Kibuddha, na njia zote zilizotajwa zilitungwa kwa makusudi bila ibada, bila maneno ya kuimba na bila sanamu. Lisemwe wazi siku ya kwanza. Kiongozi aonyeshe mazoezi yote mbele ya shehe au padri anayeaminiwa na wanafunzi akitaka, na asimlazimishe mtu. Hakuna haja ya kuita kunyoosha viungo yoga, wala kufumba macho.

Nani asianzishwe hivi hivi

Kukaa kimya na mwili wako si jambo la salama kwa kila mtu. Aliyepitia ajali mbaya, ukatili au msiba mzito anaweza kurudishiwa picha anapofumba macho. Aruhusiwe kufungua macho, kuhamisha umakini kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye nyayo, kusimama na kutoka bila kueleza sababu. Mchezaji asiyelala kwa wiki mbili, aliyejitenga, aliyepoteza hamu ya mchezo alioupenda, anayesikia sauti, au anayezungumzia kufa, hahitaji korosho wala mkeka. Anahitaji mhudumu wa afya siku hiyo hiyo: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Mtu amsindikize. Kumwelekeza njia tu hakutoshi.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kocha. Anayepanga kikosi asiwe ndiye anayekusanya daftari za wachezaji wala kuwauliza hofu zao. Mchezaji akijua kwamba kusema "nina wasiwasi" kunaweza kumweka benchi, hatasema, na mafunzo yote yatakuwa maigizo. Kocha ashiriki zoezi, akae mkekani na wenzake, ila taarifa za watu zibaki kwa mshauri.

Kujua kama inafanya kazi

Ushahidi wa njia hizi ni mzuri zaidi kwenye wasiwasi, umakini na hali ya kihisia kuliko kwenye magoli, na michezo ya kulenga ndiyo yenye matokeo yanayoonekana haraka. Kwa hiyo pima vyote viwili. Wiki mbili kabla ya kuanza, kila mchezaji apige mitupo 10 ya mwisho wa mazoezi na iandikwe. Asubuhi ya kila mechi ajipe namba ya wasiwasi, 1 hadi 10, na namba ya jinsi wasiwasi huo unavyomsumbua, 1 hadi 10. Namba ya pili ndiyo ya kuangalia. Ya kwanza inaweza kubaki 7 muhula mzima, na hiyo ni sawa, mradi ya pili inashuka.

Weka pia karatasi ya alama ukutani kwa namba za siri badala ya majina: siku ngapi kati ya 7 zoezi la chumbani limefanyika. Siku 5 ni lengo. Wiki ya mitihani punguza hadi dakika 3, usiache kabisa, kwa sababu anayeacha kabisa huwa harudi. Alama zikiwa chini ya nusu kwa wiki mbili mfululizo, usikimbilie kubadili njia. Badili saa. Wanaosema watafanya kabla ya kulala ndio wanaoshindwa zaidi. Wahamishie asubuhi, mara tu baada ya swala ya alfajiri au kupiga mswaki, kabla simu haijawashwa data.